OrthoInfo na wenzake: tathmini ya mgonjwa wa goti

Mwezi Februari mwaka 2023, katika mechi ya walimu iliyochezwa kwenye uwanja wa shule yetu mjini Morogoro, niligeuka kuufuata mpira huku mguu wa kulia ukiwa umekita chini, nikasikia mlio ndani ya goti kama kijiti kinachovunjika, na kabla ya jioni goti lilikuwa limevimba hata suruali ikawa haivuliki kwa urahisi. Hospitali ya kwanza niliyokwenda ilinipiga picha ya eksirei, ikanieleza kwamba hakuna mfupa uliovunjika, ikanipa dawa za maumivu na kunirudisha nyumbani bila kunifahamisha kwamba eksirei huonyesha mifupa na haionyeshi ligamenti, yaani nyuzi imara zinazounganisha mfupa na mfupa. Uvimbe ulipungua na nikaanza kutembea, lakini kila niliposhuka ngazi goti lilichomoka na kuniacha nimeshika ukuta. Ilikuwa wiki ya tano ndipo daktari mwingine alipolishika goti kwa mikono yake, akauvuta muundi mbele taratibu, kisha akaniandikia herufi tatu, ACL, yaani ligamenti ya mbele iliyo ndani ya goti, na kunitaka nirudi baada ya wiki mbili nikiwa nimefikiria kama nataka upasuaji au la.

Wiki hizo mbili ndizo zilizonifanya nitafute maelezo kwa bidii ambayo sikuwahi kuitumia katika jambo lolote la afya yangu. Nilianza kwa Kiswahili, kama wafanyavyo wengi wetu, na nilipoandika maneno "maumivu ya goti" nililetewa matangazo ya vidonge vya "kurudisha ute wa magoti", picha za magoti kabla na baada ya matumizi, na namba za simu za kuagizia. Ligamenti iliyokatika hairudishwi na ute wowote. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mwenzangu kazini, aliyeumia goti mwaka mmoja kabla yangu, alikuwa amemaliza makopo matatu ya vidonge hivyo na fedha ambazo zingemlipia miezi kadhaa ya mazoezi ya tiba.

Kabla sijasifu wala kulaumu chochote, niseme nilivyopima. Kwa kila ukurasa nilitaka kujua nani ameuandika na ana taaluma gani, umepitiwa lini mara ya mwisho, nani anaulipia, na kama unataja madhara ya matibabu kwa uwazi uleule unaotumika kutaja faida zake. Ukurasa ambao haukuwa na jina la mwandishi wala tarehe niliuacha, hata kama maneno yake yalinifurahisha. Msomaji asitegemee alama zilizobandikwa pembeni mwa tovuti. Alama ya HONcode, iliyotolewa na taasisi ya Health On the Net ya Geneva kwa tovuti za afya zilizotimiza masharti yake, iliwahi kuwa na uzito, lakini taasisi hiyo ilifunga shughuli zake mwishoni mwa mwaka 2022, hivyo alama hiyo ikionekana leo haithibitishi kwamba kuna mtu anayeukagua ukurasa huo.

Kwa vigezo hivyo, tovuti iliyonisaidia kuliko zote ni OrthoInfo, inayoendeshwa na chama cha madaktari bingwa wa upasuaji wa mifupa cha Marekani, AAOS, kilichoanzishwa mwaka 1933. Kusoma ni bure na hakuna haja ya kujisajili. Chini ya makala utakuta tarehe ya mapitio ya mwisho na majina ya madaktari waliochangia na waliohakiki. Mambo yamegawanywa kwa namna ambayo mgonjwa anaweza kuifuata: magonjwa na majeraha mahali pake, matibabu mahali pake, na kupona mahali pake, pamoja na picha zilizochorwa vizuri za kiungo kikiwa kizima na kikiwa kimeumia.

Ukurasa wa ACL ndio niliousoma mara nyingi zaidi. Ulinionyesha kwamba ndani ya goti kuna ligamenti mbili zilizopishana kama alama ya kuzidisha, na kwamba ile ya mbele huzuia muundi usiteleze kwenda mbele ya fupaja. Hapo nikaelewa kwa nini daktari aliuvuta mguu wangu namna ile, na kwa nini ngazi zilikuwa adui yangu. Ulinieleza kwamba takriban nusu ya majeraha ya ligamenti hii huambatana na madhara kwenye sehemu nyingine za goti, kama vile gegedu au meniski, yaani vipande vya gegedu vinavyokaa kama mto kati ya mifupa ya goti, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenitajia. Jambo jingine lenye thamani kubwa kwetu ni maelezo kwamba majeraha mengi ya ligamenti za goti yanaweza kutambuliwa kwa uchunguzi makini wa mikono ya daktari. Katika mazingira ambapo kipimo cha MRI kinapatikana katika hospitali chache na gharama yake huwafanya wengi waahirishe matibabu, ni faraja kujua kwamba daktari anayejua kulishika goti anaweza kufika mbali kabla ya mashine. MRI ina kazi yake, hasa kuonyesha meniski na gegedu, lakini mgonjwa asikae nyumbani miezi sita akichangisha fedha za picha huku goti lake likizidi kujeruhiwa kila linapochomoka.

Nilikwenda kwenye miadi ya pili nikiwa na maswali saba kwenye karatasi. Nilimwuliza daktari kama meniski yangu imeguswa, kano ya kutengenezea ligamenti mpya angeichukua wapi, iwe chini ya pia ya goti au nyuma ya paja, na kila chaguo lina gharama gani kwa mguu unaotolewa kano hiyo. Aliyajibu yote kwa utulivu, na mazungumzo yale ya dakika ishirini yalinipa zaidi ya nilichopata katika wiki tano zilizotangulia. Kwa kazi hiyo ya kumwandaa mgonjwa aongee na daktari wake, OrthoInfo naipa nyota tano. Kwa jumla naipa nne, na sababu za kupunguza moja nazieleza hapa chini.

Sababu ya kwanza ni kwamba tovuti imeandikwa na wapasuaji, na kwa maoni yangu mkazo wake unaelekea chumba cha upasuaji. Ukurasa wa ACL hautaji upasuaji peke yake, lakini njia ya mazoezi bila kupasuliwa inaelezwa zaidi kama njia ya wazee na watu wasiojishughulisha sana. Ushahidi una sura pana zaidi ya hiyo. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walichapisha utafiti wa watu wazima 121, vijana na wenye kupenda michezo, ambao ACL zao zilikuwa zimekatika: kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema pamoja na mazoezi ya tiba, na kundi jingine lilianza na mazoezi huku likiwa na ruhusa ya kufanyiwa upasuaji baadaye kama goti lingekataa kutulia. Baada ya miaka miwili hali za makundi hayo hazikutofautiana kwa kiasi cha maana, na kati ya watu 59 wa kundi la pili ni 23 tu waliokuwa wamehitaji kutengenezewa ligamenti. Kufikia mwaka wa tano walikuwa 30. Hii haina maana kwamba upasuaji haufai. Ina maana kwamba mtu ana haki ya kuelezwa kuwa kuanza na mazoezi ni chaguo halali, hata kama ana miaka ishirini na mitano na anacheza mpira.

Mimi nilianza na mazoezi kwa miezi minne. Goti lilipata nguvu, lakini liliendelea kuchomoka, na mwezi Julai nilifanyiwa upasuaji jijini Dar es Salaam, kano ikachukuliwa nyuma ya paja. Sijutii miezi ile minne, kwa sababu niliingia chumba cha upasuaji nikiwa na misuli, na goti lisilo na uvimbe linalonyooka na kukunjika sawasawa, hali ambayo wapasuaji wenyewe huipendelea ili goti lisikakamae baadaye.

Sababu ya pili ni muda wa kurudi uwanjani. Nilipousoma ukurasa ule, ulizungumzia miezi sita au zaidi, na wachezaji wetu wa mchangani husikia neno "sita" na kulisahau neno "zaidi". Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi kwenye mchezo, hadi kufikia mwezi wa tisa baada ya upasuaji, ulipunguza kuumia tena kwa takriban nusu. Nilisubiri miezi kumi na moja. Kama ningekuwa na uwezo wa kubadilisha sentensi moja tu katika tovuti nzima, ningebadilisha hiyo, na ningeiandika namba tisa kwa herufi kubwa.

Sababu ya tatu ni lugha. OrthoInfo ni ya Kiingereza, na baadhi ya makala zake zipo kwa Kihispania, Kiswahili hakimo. Kiingereza chake ni chepesi, lakini mgonjwa aliyeishia darasa la saba, ambaye ndiye hasa anayeanguka kwenye minazi, kwenye bodaboda na kwenye mashimo ya machimbo, hawezi kukifikia. Programu za kutafsiri zinasaidia kwa kiasi, ila nimeziona zikigeuza kano kuwa msuli na ligamenti kuwa kano katika aya moja, na katika maelezo ya upasuaji kosa hilo si dogo. Maneno tunayo: muundi, fupaja, gegedu, pia ya goti, mtulinga. Natamani taasisi zetu zenye mabingwa wa fani hii, kama vile MOI pale Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, na chuo cha madaktari wapasuaji cha COSECSA chenye makao yake Arusha, zishirikiane na wataalamu wa lugha kuandika maelezo ya namna hii kwa ajili ya wagonjwa wetu, zikianza na mambo yanayotokea kila siku.

Kuna sehemu moja ya OrthoInfo ambayo naisifu bila masharti, nayo ni programu zake za mazoezi ya goti, bega, nyonga, mgongo, na mguu pamoja na kifundo. Programu ya goti inataka uanze kwa kupasha mwili joto dakika tano hadi kumi, kisha inakuonyesha kwa picha zoezi moja baada ya jingine: kunyoosha misuli ya nyuma ya paja ukiwa umelala chali, kuchuchumaa nusu ukiwa umeshika kiti, kuinua mguu ulionyooka, kuinuka kwa vidole. Kila zoezi limeandikiwa idadi ya marudio na siku za wiki, na programu nzima hufuatwa kwa wiki nne hadi sita isipokuwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia aseme vinginevyo. Inasisitiza kwamba hupaswi kusikia maumivu wakati wa zoezi, na sisi tuliolelewa na makocha wanaosema maumivu ndiyo dawa tunahitaji kuusikia msisitizo huo. Vifaa ni vya nyumbani. Penye kuhitaji uzito wa kufunga kwenye kifundo nilishona mfuko wa kitambaa nikautia mchanga. Kwa mtu anayeishi mbali na hospitali yenye mtaalamu wa fiziotherapia, na anayeweza kumwona mara moja tu kwa mwezi, kurasa hizi zilizochapishwa kwenye karatasi zinaweza kuziba siku zilizobaki. Zisitumike, hata hivyo, katika wiki za kwanza baada ya upasuaji, kwa sababu kipindi hicho kina ratiba yake ambayo ni lazima itoke kwa aliyekupasua.

Tovuti ya NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, naiweka ya pili, na kwa jambo moja naiweka ya kwanza: inasema wazi lini ubaki nyumbani, lini uende kwa daktari na lini ukimbilie huduma ya dharura. Kila ukurasa una tarehe ya mapitio ya mwisho na tarehe ya mapitio yajayo. Ukurasa wake wa kuteguka na kuvutika kwa misuli unashauri upumzishe kiungo, ukiwekee barafu iliyofungwa kwenye taulo kwa muda usiozidi dakika ishirini kila baada ya saa mbili au tatu, ukifunge kwa bandeji na ukiinue. Na kwa siku za mwanzo unakataza joto, pombe na kukandwa. Katazo la kukandwa ndilo ambalo ningependa lisomwe katika kila nyumba, kwa kuwa kwetu mtu akiteguka enka asubuhi, kabla ya saa sita mchana ameshachuliwa kwa mafuta ya moto na watu wawili tofauti wenye nia njema.

Siandiki haya kumdharau mtu yeyote anayeunga mifupa kwa njia za jadi. Bibi yangu alivunjika mkono, mzee wa kijiji chake akauunga na ukapona. Hatari ninayoisema ina sababu inayoeleweka: kiungo kilichovunjika huendelea kuvimba, na kikifungwa kwa vijiti au plasta ngumu iliyobana, presha hupanda ndani ya misuli hadi damu inashindwa kupita. OrthoInfo ina ukurasa kuhusu hali hiyo na mwingine kuhusu kuishi na plasta, na dalili wanazozitaja zinapaswa kujulikana na kila mzazi, iwe kiungo kimefungwa na mganga au na daktari: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa vidole vinaponyooshwa, ganzi, vidole kuwa baridi au kubadilika rangi, na kushindwa kuvisogeza. Hiyo ni dharura ya saa chache, na kusubiri kuche kunaweza kumgharimu mtoto mkono wake.

Kwa wasomaji wa Kiswahili pekee, Mwongozo wa MSD una toleo la watumiaji wa kawaida katika Kiswahili, lenye sehemu ya mifupa, viungo na misuli na sehemu ya majeraha. Wanaoumiliki ni kampuni ya dawa, jambo la kuzingatiwa kwa kigezo changu cha nani analipia, ila makala zinaonyesha majina ya madaktari walioziandika, na sikukuta humo tangazo la kidonge cha magoti. Kiswahili chake ni kigumu mahali pengine na kina dalili za kutafsiriwa, lakini kinaeleweka. MedlinePlus ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani haina matangazo na ina sehemu ya lugha nyingi ambamo Kiswahili kimo. Nyaraka zake za Kiswahili ni chache, na kwa jeraha la michezo sikupata cha kunitosha. Physiopedia nayo ni nzuri, ila imelengwa zaidi kwa wataalamu wa fiziotherapia, na mgonjwa huweza kupotea ndani yake.

Faida ya kazi hii yote niliiona mwaka jana, binti wa miaka kumi na sita wa timu yetu ya netiboli alipotua vibaya akijiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Wenzake walikuwa tayari wameshaleta mafuta ya kuchulia. Nilikumbuka kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, ambazo madaktari huzitumia kuamua nani apigwe eksirei ya kifundo: moja ya dalili ni kushindwa kupiga hatua nne, nyingine ni maumivu unapobonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa unaotokeza pembeni mwa kifundo. Binti hakuweza kupiga hata hatua mbili. Nilikumbuka pia ukurasa wa OrthoInfo kuhusu sehemu za kukulia za mifupa ya vijana, ambazo ni dhaifu kuliko mfupa mzima na huweza kuvunjika katika ajali ambayo kwa mtu mzima ingeishia kuwa mteguko tu.

"Mwalimu, si tumchue kwanza halafu tuone?" aliniuliza nahodha.

Nilimjibu hapana, tukamwekea barafu, tukamfunga mguu bila kuubana, na tukampeleka hospitali. Eksirei ilionyesha ufa kwenye mfupa wa nje wa kifundo. Daktari alisema ingekuwa vibaya zaidi kama tungeuchua.

Baada ya siku hiyo niliandika kwa mkono, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja wa mambo niliyoyahakikisha katika tovuti zaidi ya moja: hatua nne, barafu na muda wake, katazo la kukanda, dalili za bandeji iliyobana, na miezi tisa kwa aliyetengenezewa ACL. Nyuma yake nimeandika mpangilio wa mazoezi ya FIFA 11+, ya kupasha mwili joto na kuzuia majeraha, ambayo huchukua kama dakika ishirini kabla ya mazoezi ya kawaida na ambayo, katika utafiti wa mabinti wa Norway wa miaka 13 hadi 17 uliochapishwa mwaka 2008, yalipunguza majeraha kwa takriban theluthi moja. Karatasi hiyo ipo ndani ya kisanduku cha huduma ya kwanza cha shule. Pembeni ya kila jambo nimeandika jina la tovuti na tarehe niliyoisoma, na kila Januari, kabla ya muhula kuanza, nazifungua upya kurasa zilezile kuona kama waandishi wake wamebadilisha neno.